Namba 8 wangu na namba 9 wa Carlton

Jumatatu tarehe 23 Septemba 2024, saa sita kasorobo mchana, nilijibanza nyuma ya chumba cha walimu, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, nahesabu kura za Brownlow, medali ya mchezaji bora wa ligi kuu ya mpira wa Australia. Mega nilizonunua asubuhi zilikuwa zinakwisha na picha iliganda kila mara, lakini sauti ilikuwa inafika. Kule Melbourne ilikuwa saa mbili kasorobo usiku. Ukumbi umejaa wanaume waliovaa suti, na mkuu wa ligi amesimama jukwaani anasoma mechi moja baada ya nyingine. Anataja jina na idadi: kura moja, kura mbili, kura tatu. Kila alipotaja jina la Patrick Cripps, namba 9 wa klabu ya Carlton, na kusema kura tatu, simu yangu ilitikisika. Ni mtoto wa mdogo wangu. Ana miaka 13, walikuwa likizo ya shule kwa hiyo aliruhusiwa kukesha, na ananitumia ujumbe wa sauti kwa Kiswahili chake kile cha kule: "Shangazi, umesikia? Tatu tena!"

Wasichana ninaowafundisha mpira wa miguu hapa Katuba, Lubumbashi, wanalijua jina la Cripps kama wanavyolijua la jirani. Nimewaahidi mara nyingi kwamba siku moja nitaandika habari zake zote mahali pamoja. Leo nina sababu ya kuandika, na nitaifikia, lakini lazima nianzie mbali kidogo.

Mdogo wangu alivuka Kasumbalesa miaka mingi iliyopita. Huko Zambia akaoa mwanamke aliyekuwa mkimbizi katika kambi ya Meheba, na mwaka 2014 familia yote ikapelekwa Australia. Mtoto alikuwa na miaka 3. Sasa, sisi nyumbani ni watu wa Lupopo. Baba yetu alifanya kazi ya reli, na Lubumbashi nzima inajua kwamba watu wa reli ni wa Saint-Éloi Lupopo, bluu na manjano, kama inavyojua kwamba nyeusi na nyeupe ni Mazembe, wapinzani wetu. Mdogo wangu alipofika Melbourne akakuta timu moja inavaa nyeusi na nyeupe, inaitwa kwa jina la ndege, na mashabiki wake wako kila kona wanapiga kelele. Hakuuliza zaidi. "Yaya," aliniambia kwenye simu, "huku nako Mazembe wako. Wanaitwa Collingwood." Wapinzani wao wakubwa tangu zamani ni Carlton, na Carlton wanavaa bluu. Basi nyumba yake ikawa ya Carlton.

Carlton ni klabu ya mwaka 1864, ina vikombe 16, na cha mwisho ilikichukua mwaka 1995. Lupopo ubingwa wa mwisho wa nchi ni mwaka 2002. Kusubiri tumekuzoea.

Video ya kwanza ya mtoto akicheza ilinikasirisha, nakiri. Niliona mpira wa umbo la yai, watoto wanaudaka kwa mikono, wanaupiga teke, wanakimbia nao, wanaangushana. Nikamwambia mdogo wangu: baba yetu alitupeleka uwanjani tukiwa hatujui hata kusoma, na wewe mtoto wako umemtia kwenye rabsha hii? Alicheka, akaniambia nitazame mechi moja nzima, nikimaliza ndipo niseme. Mechi yenyewe ilianza Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa saa yetu. Nilipika uji, nikakaa kitako, nikatazama. Uji ulipoa.

Kwa asiyeujua, ni hivi. Uwanja ni wa duara refu, mkubwa kuliko wetu, na kila timu ina watu 18 ndani. Kila upande kuna milingoti 4. Ukipiga teke mpira ukapita kati ya milingoti miwili ya katikati ni pointi 6, ukipita pembeni yake ni pointi 1. Mpira hautupwi kwa mkono. Unauweka kwenye kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono mwingine, au unaupiga teke. Ukikimbia nao lazima uudundishe chini kila mita 15. Hakuna kuotea. Na mtu akikushika ukiwa ulipata nafasi ya kuutoa mpira ukaung'ang'ania, mwamuzi anawapa wapinzani wako mpira wa adhabu.

Mimi nilicheza kiungo. Kwa hiyo jicho langu lilikwenda katikati lenyewe, na huko ndiko nilikomkuta huyu mtu.

Mpaka mwaka 2025 mwamuzi alikuwa anaupigiza mpira chini katikati ya uwanja, nao unaruka juu sana. Warukaji wawili, warefu kuliko wote, wanaruka kuugombania hewani. Chini yao viungo wanasukumana mabega, kila mmoja anajaribu kubahatisha utaangukia wapi. Ukianguka, anayeinama kwanza ndiye anayeumia kwanza. Cripps anainama kwanza. Ana urefu wa sentimita 195, ambao ni urefu wa ajabu kwa kazi hiyo, na bado anainama mpaka magoti yanakaribia nyasi. Anauchukua kwa mikono miwili. Hapo mtu mmoja ameshamshika kiuno, wa pili yuko mgongoni. Sasa tazama mikono yake: anaiinua juu, juu ya mabega ya wanaomkaba, kama mwanamke anayevuka mto na mzigo asioutaka ulowe. Mwili wameuzuia, mikono hawakuipata. Mpira kwenye kiganja cha kushoto, ngumi ya kulia, paa, umetoka. Mwenzake aliyekuwa pembeni anaupokea akiwa peke yake na uwanja wote uko wazi mbele yake. Kamera inamfuata anayekimbia. Watu wanasimama kumshangilia anayekimbia. Cripps yuko chini anasukuma watu wamtoke mgongoni.

Nilirudisha ile sehemu mara nyingi, mega zikaisha.

Baadaye mtoto alinisimulia alikotokea. Ni mtoto wa Northampton, mji mdogo wa mashamba ya ngano na kondoo upande wa magharibi wa Australia, mbali kaskazini ya Perth. Watu wake hawafiki elfu moja. Na mji ule, nilipoutafuta, nikakuta ulianzia kwenye migodi ya risasi na shaba katika karne ya 19. Shaba! Mimi nimekulia kwenye mji ambao bomba la moshi la kiwanda na mlima mweusi wa takataka za shaba vinaonekana kabla hujaona kitu kingine chochote. Sijui kwa nini jambo hilo lilinigusa hivyo. Ilikuwa kama kuambiwa kwamba mtu unayemheshimu mna babu mmoja. Kimji hicho hicho kimetoa wachezaji kadhaa wakubwa, Josh Kennedy na Harry Taylor kati yao, na binamu yake Cripps, Jamie Cripps, naye amecheza ligi kuu.

Huko kwao kijana haendi kusaini timu anayoipenda. Kila mwaka kuna siku moja ambapo vilabu vinachagua vijana kwa zamu, na timu iliyofanya vibaya msimu uliopita ndiyo inayoanza kuchagua. Wanaita drafti. Mwaka 2013 Cripps alichaguliwa wa 13, na Carlton, upande wa pili wa nchi. Miaka 18, anatoka kijijini kwao anakwenda Melbourne ambako uwanja mkubwa unaingiza watu laki moja. Msimu wa kwanza, 2014, hakucheza karibu chochote. Msimu wa pili akachaguliwa mchezaji bora wa Carlton, na katika tuzo ya chipukizi wa ligi nzima akawa wa pili nyuma ya Jesse Hogan. Mchezaji bora, lakini wa timu iliyoshika mkia! Mwaka huo huo, 2015, Carlton ilimaliza ya mwisho na kocha wake, Mick Malthouse, akafukuzwa katikati ya msimu.

Hapo ndipo pananishika mimi. Hadithi nyingi za nyota wa mpira zinakwenda hivi: alianza maskini, akagunduliwa, akang'aa, akanunuliwa na timu kubwa, akachukua kombe. Huyu ang'ae asing'ae, timu ilikuwa inazama. Mwaka 2018 Carlton ilishinda mechi 2 tu msimu mzima. Mbili, kati ya 22. Na Cripps alikuwa anaamka kila wiki anakwenda kuinama kwanza kwenye ule mpira. Mwaka uliofuata kocha mwingine akafukuzwa, Brendon Bolton, na mechi ya kwanza baada ya hapo, dhidi ya Brisbane, Cripps, kiungo, akafunga magoli 4 yeye mwenyewe na timu ikashinda. Mtoto bado anayo video hiyo. Mimi pia ninayo.

Nilichukua kitu kimoja kutoka kwake nikakipeleka uwanjani kwetu. Sisi ni mpira wa miguu, mikono haituhusu, lakini kukabwa ni kukabwa. Nilichukua kitenge changu cha zamani, nikakikata katikati kwa urefu. Msichana mmoja anazungushiwa kiunoni, wawili wanashika ncha nyuma yake, wanamvuta. Wa nne anamtumia mpira. Lazima aupokee, aulinde, autoe kwa mguu kwa mtu sahihi, huku akivutwa. Mwanzoni walikuwa wanaanguka kama magunia. Wote isipokuwa namba 8 wangu. Yeye alielewa siku ya kwanza kwamba usishindane na anayekuvuta: tumia uzito wake kama mti wa kuegemea, kisha acha mguu ubaki huru. Alikipasua kitenge wiki ya pili. Nilinunua kingine sokoni Kenya, kizito zaidi, na nikafurahi kulipa.

Namba 8 ana miaka 16. Mama yake anauza makala, yaani mkaa. Anakuja mazoezini kwa miguu, na vumbi letu jekundu linampanda mpaka magotini kama soksi.

Lazima niseme habari ya goti langu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini mwaka 2021 wa Cripps ulinitoa machozi. Nilikuwa na miaka 22. Tulikuwa Likasi kwa mechi, mvua ilikuwa imenyesha, nikageuka na mpira, goti likabaki lilipokuwa. Nilisikia sauti yake. Timu yangu ya wakati ule iliniambia nipumzike wiki mbili. Wiki mbili zikapita, nikaenda mazoezini nachechemea, kiongozi mmoja akaniambia nirudi nikipona. Hakuna aliyekuja nyumbani. Mama alinikanda kwa maji ya moto na chumvi kila jioni kwa miezi mitatu, na siku moja nikaona kwenye orodha kwamba namba yangu amepewa mwingine. Hivyo tu. Mtu hakuniambia umefukuzwa, wala asante.

Sasa Cripps. Mwaka 2021 alicheza huku mifupa ya mgongo wake ikiwa na nyufa. Alionekana mzito, hafiki kwenye mipira aliyokuwa anaifikia. Watu wakaanza kusema amekwisha, na wengine wakasema atarudi kwao magharibi kwenye timu za Perth, maana mkataba ulikuwa unaisha. Katikati ya hayo, Carlton wakampa mkataba wa miaka 6, mpaka 2027, naye akasaini. Miaka 6, kwa mtu ambaye mgongo wake hauko sawa, katika msimu mbaya kuliko yote aliyocheza. Na yeye akaikubali timu ambayo tangu aingie haijawahi kumpeleka kwenye mechi hata moja ya mtoano. Mdogo wangu aliponieleza, nilinyamaza kwenye simu mpaka akadhani mtandao umekatika.

Mwaka uliofuata, kocha mpya Michael Voss, na Cripps kapiteni peke yake. Mgongo umepona. Akawa mtu mwingine, au tuseme akawa yule yule bila maumivu. Lakini 2022 una mambo mawili ambayo siwezi kuyaruka.

La kwanza halijatulia moyoni mwangu. Mwezi wa nane, dhidi ya Brisbane, aliruka kugombania mpira akamgonga Callum Ah Chee, na yule bwana akapata mtikisiko wa ubongo. Akafungiwa mechi 2. Carlton wakakata rufaa, na bodi ya rufaa ikaifuta adhabu. Uzito wake ni kwamba ile medali kubwa, ya Brownlow, wanampa aliye bora na aliye mwadilifu uwanjani, na aliyefungiwa msimu huo haruhusiwi kuishinda. Kwa hiyo rufaa ile ilimrudishia zaidi ya mechi 2. Nimeitazama picha mara nyingi. Naona jicho lake lilikuwa kwenye mpira. Naona pia mtu amelala chini. Ninampenda mchezaji huyu na bado sisemi kwamba waliomfungia walikuwa wajinga.

La pili ni la kilio cha kawaida cha mpira. Mechi ya mwisho ya msimu, Carlton walikuwa wanahitaji matokeo wafuzu mtoano, tena dhidi ya nani? Dhidi ya Collingwood. Waliongoza, wakaliwa polepole, wakapoteza kwa pointi 1. Wakamaliza wa tisa, na mwaka ule waliofuzu walikuwa 8. Mtoto alilia mpaka akalala na viatu. Baba yetu angelielewa, alikwisha kurudi hivyo kutoka mechi za Mazembe, haongei, anakunja skafu yake taratibu na kuiweka chini ya godoro.

Wiki chache baadaye zikahesabiwa kura. Na hapa nieleze, maana kura hizi ndizo zilizobadilisha namna yangu ya kufundisha. Medali ya Brownlow imekuwepo tangu 1924. Hawapigi kura waandishi, wala makocha, wala mashabiki kwenye simu. Wanapiga waamuzi. Kila mechi ikiisha, waamuzi waliokuwa uwanjani wanakubaliana: kura 3 kwa aliye bora, 2 kwa anayefuata, 1 kwa wa tatu, kutoka timu yoyote, hata iliyofungwa. Karatasi inafungwa, na hakuna anayejua mpaka ule usiku mmoja wa Septemba. Fikirini. Mwamuzi ndiye mtu pekee asiye mchezaji aliyesimama hatua tatu kutoka kwenye lile rundo la watu. Anasikia mifupa. Anaona mkono wa nani ndio ulioutoa mpira. Kamera imemfuata anayekimbia, mwamuzi amebaki na aliyeko chini.

Ile mechi waliyopoteza kwa pointi 1, waamuzi walimpa Cripps kura 3. Ndizo zilizompitisha: kura 29, Lachie Neale wa Brisbane 28.

Mwaka 2023 nitakwenda haraka, ingawa ndio mwaka wa furaha. Katikati ya msimu Carlton walikuwa wa 15, watu wanataka na huyu kocha naye aondoke. Kisha wakashinda mechi 9 mfululizo. Ijumaa mbili za Septemba, mchana kwetu, usiku kwao, nilikuwa na wasichana wanane chumbani kwangu kuzunguka simu moja. Mechi ya kwanza ya mtoano katika maisha ya Cripps, baada ya misimu 9 bila hata moja, wakawatoa Sydney kwa pointi 6. Ijumaa iliyofuata wakawatoa Melbourne kwa pointi 2, goli la Blake Acres likiwa limebaki kama dakika moja, na umeme ukakatika papo hapo, simu ikiwa na chaji kidogo. Wasichana walipiga yowe mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Nusu fainali Brisbane wakawatoa. Waliongoza magoli 5 mwanzoni na wakatolewa. Fainali yenyewe Cripps hajaigusa.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini nisimfuate mwenye damu yetu. Yupo: Héritier Lumumba, baba yake ana asili ya Kongo, mama yake Mbrazili, alichukua ubingwa wa 2010 na Collingwood. Alikuwa mlinzi, si kiungo, na aliyoyapitia kama mtu mweusi katika klabu ile ni habari ndefu yenye uchungu, inayostahili maandishi yake. Nitayaandika.

Turudi nyuma ya chumba cha walimu. Rekodi ya kura za Brownlow kwa mfumo huu wa 3, 2, 1 ilikuwa 36, walikuwa nayo Dustin Martin na Ollie Wines. Cripps aliivuka kabla hesabu haijaisha. Nick Daicos wa Collingwood naye aliivuka, akapata 38, akawa wa pili. Hebu fikirieni kuvunja rekodi hiyo na kurudi nyumbani bila medali. Cripps alimaliza na 45. Mega zangu ziliisha kwenye 40 na kitu, ya mwisho niliyapata kwa ujumbe wa sauti, mtoto hasemi neno, anapumua tu, halafu: "Arobaini na tano, Shangazi."

Jioni ile nilinunua daftari la kurasa 48. Tangu hapo, kila mechi ya wasichana wangu ikiisha, kabla sijaongea na mtu, ninaandika: 3, 2, 1. Timu zote mbili. Simwonyeshi mtu. Msimu ukiisha tunakaa chini ya mwembe, mama mmoja anapika bukari na sombe, nami nasoma ukurasa kwa ukurasa kama yule bwana wa jukwaani. Mwaka wa kwanza aliyeshinda hakuwa mfungaji wetu. Alikuwa namba 8. Mfungaji alinuna kidogo, kisha akaniomba aone daftari, akasoma, akaenda kumkumbatia.

Sasa sababu ya kuandika leo. Msimu huu tumefungwa mechi 7 mfululizo. Ya mwisho kati ya hizo 5 kwa 0. Timu ya mtaa mwingine, yenye mfadhili, ikamfuata namba 8 na kumpa viatu vipya na nauli ya kila wiki. Alikuja kwangu jioni, hakukaa. "Kocha," alisema, "nikienda utanikasirikia?"

Mnadhani nilimweleza Cripps? Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi: alibaki miaka 9, alisubiri, tazama. Nikayameza. Cripps alibaki akiwa na mkataba, daktari, na nyumba. Klabu ilimshika mgongo ukiuma. Mimi nitamshika huyu mtoto kwa nini? Kwa kitenge? Goti lake likibaki Likasi kama langu, sina hata pesa ya picha ya hospitali. Nikamuuliza kama ile timu ina mtu wa kuwatibu. Akasema yupo. Nikamwambia aende, na nikaenda naye mpaka kwa mama yake kumweleza, tukakaa kwenye vile viroba vya makala. Mama alilia zaidi yangu. Mwishowe akanishika mkono mikono yake ikiwa myeusi, akaniambia, "Mwalimu, asante kwa kuja mwenyewe."

Jumapili iliyopita ratiba ilitukutanisha. Nilimwona akishuka na jezi ya kijani ambayo siijui, namba 8 hiyo hiyo. Aliwasalimia wenzake mmoja mmoja, mimi akanisalimia wa mwisho, kwa magoti. Dakika ya sabini hivi, matokeo yakiwa 1 kwa 1, mpira ulidondoka katikati. Wasichana wangu watatu walimzingira, mmoja kamshika jezi kwa nyuma, na niliwafundisha mwenyewe kufanya hivyo. Akamwegemea yule aliyemshika. Mguu wa kulia ukabaki huru. Pasi ikapita kati ya miguu ya wawili ikamkuta mshambuliaji wao peke yake, na uwanja wote ukashangilia mfungaji.

Tulifungwa 2 kwa 1. Niliketi kwenye jiwe letu la siku zote, nikatoa daftari na kalamu kabla sijaongea na mtu. Kura 1 kipa wetu. Kura 2 beki wao wa kushoto. Kura 3, namba 8, wao.

Usiku nilimtumia mtoto picha ya ukurasa ule. Kwao kulikuwa kunapambazuka. Alijibu kwa sauti ya usingizi: "Shangazi, aliinama kwanza?" Nikamwambia ndiyo, aliinama kwanza.